Sauti ya Nani?

Ndugu msomaji, hebu tuulizane. Mtoto ambaye hajawahi kukanyaga darasani ukimletea mashine ya kumfundisha kusoma, mashine hiyo imsemeshe kwa lugha gani?

Wengi tutajibu haraka: Kiswahili, lugha yetu. Hata mimi nilijibu hivyo, tena kwa majivuno. Toka mwisho wa 2017 hadi mwanzo wa 2019, mashindano ya Global Learning XPRIZE yalipeleka vishikwambi katika vijiji kama 170 vya Mkoa wa Tanga. Watoto karibu 3,000, wengi wao hawajasoma shule, wakajifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa picha, sauti na michezo, bila mwalimu. Chaji ilitoka kwenye umeme wa jua. Programu zilisema Kiswahili. Mwaka 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, wakagawana dola milioni 10. Kazi nzuri, sina ugomvi nayo.

Lakini Tanga hiyo ina Wasambaa, Wazigua, Wabondei, Wadigo.

Aliyenizindua ni bibi yangu, kule Lushoto. Kuna watu walikuwa wanakusanya hadithi za kurekodi kwa ajili ya watoto, nami kwa kuwa najidai mwandishi nikajitolea. Bibi akasimulia kwa Kisambaa. Mpwa wangu wa miaka mitano alicheka mpaka akaanguka mkekani. Kisha nikaigeuza kwa Kiswahili, maana ndicho kilichotakiwa, nikamsomea yule yule. Akanitazama tu. Halafu akauliza kwa adabu kama imekwisha.

Tunalia kwamba sekondari Kiingereza kinatufunga midomo. Kidato cha Kwanza nilikaa bubu miezi mizima, nikaitwa mjinga, nikakubali. Sasa, kama ile ilikuwa dhuluma kwangu, hii kwa mtoto huyu tuiiteje? Au si dhuluma kwa kuwa safari hii mnyamazishaji ni mimi?

Najua nitakachojibiwa. Lugha nchini zinapita 120, fedha ziko wapi? Na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Kweli kabisa, wala sisemi asifundishwe Kiswahili. Nasema asikikute mlangoni kimesimama kama askari. Na kuhusu fedha tusidanganyane sana, bwana. Programu za timu zote tano zilizofika fainali ziliachiwa wazi, yeyote azichukue na kuzibadili. Picha ya mbuzi haina kabila. Masomo ya herufi na silabi yatataka kupangwa upya, hiyo ni kazi ya watu wanaojua. Lakini hadithi inataka sauti tu, na bibi hadai hata senti.

Hadithi yetu ilipokelewa, ile ya Kiswahili. Ya Kisambaa imo kwenye simu yangu mpaka leo. Juzi bibi kaniuliza, je, watoto wameipenda?

Nikamwambia, "Wameipenda sana, bibi."