Deni la Mcha Mungu

2 Wafalme 4:1–7

Habari ya mjane aliyemlilia Elisha mwaijua nyote, maana hufundishwa katika shule ya Jumapili. Lakini sisi twaikimbilia chupa ya mafuta, na mwanzo wa habari twaupita. Marehemu mumewe alikuwa mcha Mungu, mmoja wa wana wa manabii, naye akafa akiwa na deni. Maandiko hayamwiti mwongo wala mvivu. Yasema tu kwamba mdai amekuja, naye ataka kuwatwaa wana wawili wawe watumwa.

Nayakumbuka hayo kwa sababu ya aibu iliyoingia katika sharika zetu hapa Kenya. Tangu mikopo ya simu ilipoanza kuenea, mwaka 2012, mtu aweza kukopa shilingi elfu mbili akiwa kitandani mwake, kisha akazisahau. Zikipita siku 90 hajalipa, deni huhesabiwa kuwa bovu, na jina lake hupelekwa kwa watunza kumbukumbu za wakopaji waliopewa ruhusa na Benki Kuu, yaani Metropol, TransUnion na Creditinfo. Kwa kumbukumbu hizo mtu hupewa alama. Kwa Metropol ni kutoka 200 hata 900. Siku aendapo kuomba mkopo wa nyumba, huambiwa alama yake ni ndogo. Hurudi kimya, asimwambie hata mkewe. Yuko aachaye na kuja ibadani, kana kwamba hesabu ile imesomwa mbinguni.

Hasha! Alama ile haikujui moyo. Yajua jambo moja, kwamba uliahidi siku fulani, na siku ikapita. Jambo hilo ni dogo kuliko aibu yako, lakini ni la kweli, wala Zaburi ya 37 haina maneno laini kwa akopaye asilipe.

Basi mtazameni Elisha. Hakumkemea mjane, wala hakumpa fedha. Alimwuliza kwanza kilichomo nyumbani. Nawe anzia hapo, uijue hesabu yako. Kanuni zakupa haki ya kupata taarifa yako bure mara moja kwa mwaka. Isome mstari kwa mstari, maana waandishi nao hukosea, na deni lililokwisha kulipwa laweza kuonekana kama liko bado. Ukiona kosa, lipinge kwa maandishi, nao hawana budi kulichunguza. Tena tangu mwaka 2020 deni lisilofika shilingi 1,000 halipaswi kupelekwa huko.

Lililo la kweli, lilipe. Mjane aliambiwa auze mafuta, alipe deni, ndipo yeye na wanawe waishi kwa kilichosalia. Wengi wetu twaugeuza utaratibu huo, twatafuta mkopo mkubwa tuufunike mdogo. Na wale wanaokuahidi kulifuta jina lako upesi kwa malipo, uwakimbie. Hawana kalamu ya kuandika katika daftari lile. Habari ya deni lililochelewa hukaa miaka 5 tangu siku ya kulipwa, lakini huandikwa kwamba limelipwa, na mkopeshaji mwenye akili huiona tofauti.

Je, mwenye alama ndogo asitamani nyumba? Martin Luther, alipolieleza ombi la mkate wa kila siku katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aliihesabu nyumba pamoja na chakula na mavazi. Basi kuitaka si majivuno. Mikopo ya nyumba ya benki ni michache mno, kama 30,000 tu katika Kenya nzima mwishoni mwa 2023; watu wengi hujenga kidogo kidogo kwa akiba na kwa sacco. Sacco hutazama sana akiba ya mwanachama na uaminifu wake wa kuiweka kila mwezi. Ziko pia sacco na benki zipatazo fedha za muda mrefu kutoka KMRC, kampuni iliyoundwa mwaka 2018 ili mikopo ya nyumba iwe nafuu. Mwenye alama ndogo na aweke akiba mwaka mzima bila kuruka mwezi, kisha aende kwa karani, alitaje mwenyewe deni lake la zamani kabla hajaulizwa.

Lakini sacco hutaka wadhamini, na hapa nina neno kwa makatekista na wazee. Mkopaji akishindwa, akiba ya mdhamini ndiyo ikatwayo, na pengine ilikuwa karo ya watoto wake. Majirani wa yule mjane walijua wanaazima nini: vyombo vitupu. Basi mtu asimwombe ndugu wa usharika amdhamini kabla hajamwonyesha ile karatasi yenye alama ndogo. Na ndugu akikataa, asihesabiwe kuwa mpungufu wa upendo, maana Mithali sura ya 6 imekwisha kumwonya mdhamini.

Nawe katekista, ukijiwa na mtu wa namna hii, usiyapeleke maneno yake barazani. Fungeni mlango, kama mjane alivyofunga wake. Ketini kwa kalamu na karatasi, mwandike yote pamoja, la dukani, la shemeji, na zile shilingi elfu mbili za simu.