Fundo la Ulimi na Haki ya Kusikilizwa



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), aliyemuumba mwanadamu na akamfundisha kubainisha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake wote.

Ndugu msomaji, mwanzoni mwa Suratur-Rahman Allah anataja kuumbwa kwa mwanadamu, na papo hapo anataja kwamba alimfundisha bayani, yaani uwezo wa kuweka wazi yaliyomo moyoni. Basi tuseme nini juu ya mwanafunzi ambaye bayani yake haifanani na yetu? Yuko mwenye usonji, ambaye huenda akakaa kimya siku nzima. Yuko mwenye kigugumizi. Yuko ambaye fikra zake hukimbia hata sentensi moja haijaisha ameshaanza ya tatu. Wengi wao ni werevu, lakini bongo zao hazikufinyangwa kwa kalibu iliyozoeleka, na jambo la kwanza linaloonekana kwa watu ni namna wanavyosema.

Swali langu ni hili: wajibu wetu ni kumfundisha mwanafunzi huyu aseme kama sisi, au ni sisi kujifunza kumsikiliza? Wengi watajibu, "Yote mawili." Ni kweli, lakini jibu hilo halijatuambia kipi kitangulie. Naona kinachotangulia ni yeye kupata njia ya kueleweka katika mambo yake. Yaliyobaki, mara nyingi, ni raha yetu sisi wasikilizaji.

Musa (A.S.) aliomba nini?

Tunaikariri dua ya Nabii Musa kabla ya kila mtihani na kila hotuba: Mola amkunjulie kifua, amrahisishie jambo lake, na alifungue fundo la ulimi wake. Mara nyingi tunaishia hapo, tukasahau sababu aliyoitaja mwishoni: wapate kufahamu kauli yake. Ibn Kathir, katika tafsiri ya aya hizi, anaeleza kwamba Musa hakuomba uzito wote wa ulimi uondoke. Aliomba kiasi cha kumwezesha kueleweka. Kipimo chake kilikuwa ufahamu, si ufasaha.

Kisha akaomba jambo la pili, naye akapewa: ndugu yake Harun aende pamoja naye, kwa kuwa ulimi wake ulikuwa fasaha zaidi. Tazama hekima iliyopo. Mtume mkubwa alikabidhiwa ujumbe mzito, na msaada ukaja kwa njia mbili, ulimi kulegezwa na mtu wa kusimama ubavuni. Hakuambiwa akae kando mpaka aweze kusema kama Harun. Aliyemdharau kwa usemi wake alikuwa Firauni, na Qur'ani imelihifadhi neno lake la kejeli katika Suratuz-Zukhruf. Kila tunapocheka mwenzetu anapokwama ubaoni, tujiulize tumesimama upande gani wa kisa hiki.

Mtu aliyeikimbia herufi moja

Al-Jahiz, katika kitabu chake Al-Bayan wat-Tabyin, anasimulia habari za Wasil bin Ataa wa Basra, aliyefariki mwaka 131 Hijria. Katika itikadi Ahlu Sunna hatukubaliani naye, lakini kisa chake kina funzo. Wasil alikuwa na kitembe: hakuweza kuitamka vizuri herufi ya raa. Kwa kuwa alikuwa msemaji wa watu, aliiondoa herufi hiyo katika maneno yake. Akitaka kutaja ngano, aliliacha neno "burr" akasema "qamh". Aliweza kutoa hotuba nzima bila raa hata moja, na watu wakastaajabu.

Nasi tunastaajabu. Lakini hebu tufikirie gharama yake. Huyu ni mtu ambaye kila neno lililokaribia mdomoni lilipaswa kupekuliwa kwanza. Sehemu ya akili ambayo ingeshughulika na hoja ilishughulika na ulinzi. Wasil alichagua hivyo mwenyewe, tena alikuwa na kipaji cha pekee. Je, ni haki kumdai kila mtoto jambo hilo? Wako wanafunzi wenye usonji wanaojilazimisha mchana kutwa kutazama watu machoni, kutabasamu kwa wakati unaotakiwa, kuizuia mikono isitikisike, kisha wakifika nyumbani wanaanguka kwa uchovu. Tunawasifu kwamba "siku hizi wamekuwa wazuri". Kumbe walichojifunza ni kujificha.

Kukariri si kusema

Tuje kwenye darasa zetu za Qur'ani. Mtoto wa hapa Mbale huenda akaongea Kigisu au Kiganda nyumbani, akasoma kwa Kiingereza shuleni, na akahifadhi kwa Kiarabu darasani. Mwenye usonji huweza kurudia kwa usahihi mkubwa yale aliyoyasikia, na darasa zetu zimejengwa juu ya kurudia. Kwa hiyo tunaweza kumpata mtoto anayesoma Juzuu Amma bila kosa, na ustadhi akafurahi, ilhali mtoto huyo huyo hana njia ya kusema "nina kiu", "tumbo linaniuma", au "sitaki, niache".

Uzito wa jambo hili uko hapo. Mtoto asiyeweza kusema "sitaki" hana ngao. Anayemuumiza anajua kwamba habari haitatoka. Ikiwa tumemfundisha maneno ya utiifu peke yake, naam, ndiyo, samahani, tumempamba kwa ajili ya wageni na kumwacha wazi mbele ya adui. Kwa hiyo maneno ya mwanzo ya kumfundisha ni ya kuomba, ya kukataa na ya kushtaki, tena kwa lugha ya nyumbani kwake. Na kama sauti haitoki, afundishwe kuonyesha kadi ya picha au ishara ya mkono. Fiqhi yetu haioni tabu katika hilo. Maryam (A.S.) aliwajibu watu wake kwa kuashiria. Wanazuoni wakaweka kanuni, ambayo Majalla ya dola ya Uthmaniya iliiandika katika kifungu cha 70, kwamba ishara inayojulikana ya bubu ni sawa na maneno ya ulimi. Ikiwa kwa ishara mtu anauza na kununua na mkataba ukasimama, mtoto atakosaje kuombea maji kwa ishara?

"Lakini dunia haitamsubiri"

Mzazi anaweza kupinga: "Mwanangu akikua ataomba kazi na ataposa. Asipojua kusalimia na kuzungumza kama watu, ataonekana hana adabu. Unamhurumia leo, utamponza kesho." Hoja hii si ya kudharauliwa. Mzazi anasema hivyo kwa mapenzi, na ujuzi wa kuzungumza ni rizki. Afundishwe salamu, kungoja zamu na kuomba ufafanuzi pale asipoelewa.

Hata hivyo, tutofautishe adabu na mazoea. Kutazamana machoni si sharti la adabu. Kwa Waganda, mtoto huinamisha macho mbele ya mkubwa, na binti hupiga magoti. Anayemkodolea mkubwa macho ndiye asiyefunzwa. Iweje basi mtoto mwenye usonji alazimishwe kututazama machoni ndipo tukubali kwamba anasikiliza?

Tena adabu ina pande mbili. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunapenda mafumbo. Mwalimu anamwona mwanafunzi akigonga dawati, anamwambia kwa hasira, "Endelea tu!" Wenzake wanaelewa kwamba ametakiwa aache. Yeye anaendelea, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa, na anachapwa kwa ukaidi. Nani hapo ameshindwa kubainisha? Yeye ametii neno, na sisi tulisema kinyume cha tulichokitaka. Mtume (S.A.W.), kama alivyosimulia Bi Aisha (R.A.), alizungumza kiasi kwamba mtu angeweza kuyahesabu maneno yake, na Anas (R.A.) amesimulia kwamba alikuwa akirudia neno mara tatu ili lifahamike. Kusema wazi na taratibu ni Sunna kabla ya kuwa mbinu ya ualimu.

Yaliyo mikononi mwetu

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 hapa Uganda inakataza shule kumbagua mwanafunzi kwa ulemavu wake. Ni jambo jema. Lakini sheria hufungua lango tu; haimfundishi mwalimu kusubiri jibu. Hayo ni ya kwetu, na mengi hayahitaji fedha. Mwenye kigugumizi akikwama, usimmalizie neno. Mtazame kwa utulivu, atafika. Ukiuliza swali, nyamaza, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kumgeukia mwingine. Maagizo yawe mafupi, moja baada ya jingine. Katika mijadala ya jumuiya yetu, maswali yatolewe siku moja kabla ili anayehitaji kujiandaa ajiandae, na anayetaka kuandika mchango wake asomewe na mwenzake. Huyo mwenzake ndiye Harun wake.

Tunaijua hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim: anayesoma Qur'ani kwa kusitasita, ikawa nzito kwake, ana ujira mara mbili. Kusitasita kule kule ambako sisi tunakupunguzia alama, mbele ya Allah kumeandikiwa nyongeza. Hapo hatuambiwi tuache kufundisha. Anayesita anaendelea kusoma, na mwalimu anaendelea kumsikiliza. Kilichobadilika ni mizani. Kama mizani ya mbinguni inahesabu juhudi, yetu isihesabu wepesi wa ulimi peke yake.

Allah atufungulie mafundo ya ndimi zetu, na yale ya masikio yetu. Wallahu a'lam.