Amana na Sahihi

Kazi yangu ni kukagua hesabu za zile kampuni za Marekani zinazochangisha fedha sokoni kwanza, ndipo zitafute biashara ya kununua. Kwa hisa zake za uanzilishi, mwanzilishi kwa kawaida hulipa dola 25,000 tu, akajipatia kama asilimia 20 ya hisa zote. Kisha kampuni humlipa, mara nyingi dola 10,000 kwa mwezi, kwa ofisi yake mwenyewe. Yote yametangazwa na kutiwa sahihi. Je, kutangaza ndiko kuhalalisha? Namkumbuka marehemu baba, aliyetunza fedha za mayatima kwenye mkebe wa majani ya chai. Hata chenji ya nauli iliyotoka humo aliirudisha mbele yetu, sarafu moja moja. Katika kampuni ninazokagua, muda wa kutafuta biashara, aghalabu miezi 24, ukiisha bila ununuzi, hisa za mwanzilishi ni karatasi tupu. Akinunua hata biashara iliyooza, anaweza kutajirika. Hapo anamchagulia nani?