Sheria ya Porini Ni Ipi?

Kijiweni kwetu lipo neno moja linalomaliza kila ubishi. Mtu akieleza kwamba fulani kalipwa nusu mshahara na kuambiwa aondoke, au kwamba bibi kizee kashushwa kwenye daladala kwa kupungukiwa nauli, hakosekani mmoja wa kupuliza kahawa yake na kusema: "Ndugu yangu, mjini hapa ni sheria ya porini. Mwenye nguvu mpishe." Basi, kesi imefungwa. Maongezi yanahamia kwenye mpira.

Msomaji, nawe umelisikia neno hilo, huenda hata umelisema. Nataka tulichunguze, maana wengi wetu tunaolitumia ni watoto wa mjini. Simba tunayemjua kwa karibu ni yule wa Msimbazi. Tunanukuu sheria ya mahali ambapo hatujawahi kulala hata usiku mmoja. Mimi nimelala huko. Siku chache tu, lakini zilitosha kunitia shaka.

Tulikuwa watano. Tulichangishana, tukakodi Land Rover kuukuu pale Arusha pamoja na dereva wake, mtu mzima ambaye sote tulimwita Mzee. Kwenye keria tulifunga mahema, madumu ya maji, tairi la spea, jiko la gesi, mchele na maharage. Mto wa Mbu tukanunua ndizi nyekundu, tukapanda ukuta wa Bonde la Ufa, tukapita Karatu, na jioni tukasimamisha mahema kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mtoto wa Temeke hapo ndipo alipoijua baridi. Usiku tukasikia maji yakivutwa kama kwa pampu: tembo dume kaja kunywa kwenye tangi la kambi, hatua chache tu kutoka tulipolala. Mmoja wetu akawasha tochi. Mzee akanong'ona kutoka hema la pili, "Izime. Hapa mgeni ni wewe." Tembo akanywa, akatosheka, akaondoka zake taratibu.

Kesho yake tuliteremka tambarare. Tulipita jirani na Oldupai, bonde ambamo Mary Leakey aligundua fuvu lile maarufu mwaka 1959, kisha tukashika njia ya vumbi ya Ndutu. Ilikuwa Februari, msimu wa nyumbu kuzaa. Majani ya huko ni mafupi kama zulia, yameota juu ya majivu ya volkano yenye madini, na majike wanaonyonyesha huyafuata hayo. Kwa majuma machache ndama huzaliwa kwa maelfu. Tulimwona mmoja akidondoka, akapepesuka, akaanguka, akasimama. Kabla Mzee hajamaliza chai yake ya chupa, kiumbe kile kilikuwa kinamkimbilia mama yake.

Kisha tukamwona mwingine. Huyu alikuwa peke yake, na alikuwa anakuja mbio upande wa gari letu. Ndama wa nyumbu aliyepotezana na mama yake hufuata chochote kikubwa kinachotembea, awe pundamilia, liwe gari, hata fisi. Tukisogea, anasogea. Tukisimama, naye anasimama kivulini, pua yake kwenye tairi. Mbali kidogo walikuwa wamekaa fisi wawili. Hawakuwa na haraka.

Miongoni mwetu alikuwemo dada anayesomea uuguzi. "Mzee, tumpakie," alisema. "Tumpeleke kwenye kundi, au kwa askari wa hifadhi." Mzee akatikisa kichwa. Alieleza kwamba wageni hatuna ruhusa ya kushika mnyama. Kwamba jike humtambua mwanawe kwa harufu, na ndama wa mwenzake humfukuza kwa pembe. Kwamba katika maelfu yale hatujui mama ni yupi, wala kama yu hai. "Na wale nao wana watoto, mwanangu," akamalizia, akiwaonyesha fisi kwa kidevu. Akawasha gari. Ndama alitufuata mpaka vumbi likamfunika. Mwisho wake hatukuuona.

Usiku huo tulilala Seronera, katikati ya Serengeti, kambi inayoitwa Pimbi. Kambi haina uzio. Chenye uzio ni jiko na banda la kulia: watu mko ndani ya nyavu za chuma mnakula maharage, wanyama wako huru nje. Ndani ya tundu hilo ubishi ukawaka. Jamaa yetu mmoja, muuza mitumba, akasema: "Si mmeona wenyewe? Aliyepotea kapotea. Mjini au porini, sheria ni ile ile." Yule dada akaweka kijiko chini. "Kama ni ile ile," akauliza, "mbona mimi nikimruka mgonjwa barazani hospitali nitafukuzwa, na Mzee akimwacha ndama tunasema kafuata kanuni?"

Swali hilo lilikosa jibu usiku ule. Naomba nilijaribu hapa.

Kwanza, tuiangalie hiyo sheria yenyewe. Je, ni kweli porini anaishi mwenye nguvu? Watu hupenda kumbandikia Darwin maneno hayo, lakini msemo wenyewe ulitungwa na Herbert Spencer, mwaka 1864, naye alisema anayebaki ni yule anayefaa zaidi, hakusema mwenye misuli. Ndama wa Ndutu ana nguvu gani? Anapona kwa sababu wamezaliwa wengi kwa pamoja hata fisi wakashindwa kuwamaliza, na kwa sababu yupo mama wa kumkinga. Na fisi je? Jike la fisi wa Serengeti huwaacha watoto pangoni, akasafiri kilomita 40 na zaidi kuwafuata nyumbu, kisha akarudi njia ile ile kuja kunyonyesha. Watoto hao hutegemea maziwa yake mwaka mzima na ushei. Kwa hiyo ukimwokoa ndama, umewalaza wengine na njaa. Pale hakuna mwovu. Huruma ilikuwa inadaiwa na pande zote mbili, na zote zilikuwa na haki. Ndiyo maana Mzee aliwasha gari, wala sidhani kwamba moyo wake ni mgumu.

Pili, kanuni ya kutoingilia haikushuka na mvua. Ni watu walioiweka, na watu hao hao huivunja panapostahili. Mnyama akinaswa na waya wa jangili, askari na daktari wa mifugo huja, wakamlaza kwa dawa, wakaukata waya ule. Kwa nini huyo asaidiwe na ndama yule aachwe? Kwa sababu waya ule una mkono wa mtu. Au tazama sotoka, ugonjwa ulioingia Umasaini karibu na mwaka 1890 pamoja na ng'ombe walioletwa barani kutoka nje, ukafagia mifugo, ukawafuata nyumbu, na watu wakafa njaa. Ng'ombe walipochanjwa kuizunguka Serengeti, maradhi yalitoweka hata kwa nyumbu. Mwaka 1961 nyumbu walihesabiwa kama 260,000. Kufikia mwaka 1977 walishapita milioni moja. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imekwisha kabisa. Lile bahari la nyumbu ambalo mgeni hulipiga picha akiliita kazi ya asili tupu, ndani yake imo sindano ya bwana mifugo.

Na pori lenyewe? Mwaka 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya Serengeti waliondolewa, wakahamishiwa upande wa Ngorongoro. Tangu mwaka 2022 familia nyingi za Ngorongoro nazo zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema ni kwa hiari, wengine wanapinga vikali. Siamui kesi hiyo katika kurasa hizi. Nasema tu kwamba hata utupu ule tunaouita pori una saini, una tarehe, na una watu walioona uchungu.

Kwa hiyo sheria niliyoikuta huko, nikiiweka kwa maneno yangu, ni hii: kabla ya kupita, uliza nani kasababisha. Kama ni njaa ya fisi, mwache. Kama ni waya, ukate.

Sasa turudi mjini na kipimo hicho. Mtoto anayelala nje ya duka kafikishwa pale na nani? Hakupotezana na mama yake katika kundi lililokimbizwa na simba. Kuna baba aliyekwenda zake, kuna kodi ya chumba iliyopandishwa, kuna ndugu waliofunga mlango. Nusu mshahara nao haukuliwa na fisi. Upo mfuko ulioingia. Mjini, msomaji, karibu kila shida ni waya. Kuiita sheria ya porini ni kumsingizia fisi wizi wa binadamu.

Jamaa yetu wa mitumba, nikimtendea haki, alikuwa na hoja ya nguvu. Alisema, "Mimi nina watoto watatu na deni la meza. Nitawabeba wote wa Kariakoo?" Hawezi. Hakuna awezaye, wala simlaumu. Lakini "siwezi" na "ndiyo sheria" ni maneno mawili tofauti. Asemaye "siwezi" anakiri kwamba kitu fulani kilipaswa kufanyika. Siku akipata wasaa kidogo, au wenzake wakijitokeza, dhamiri itamgutusha. Asemaye "ndiyo sheria" amejifutia deni. Hata akiwa na uwezo kesho, atapita.

Nasi tunaoota kuwa waandishi tuna kazi yetu hapa, na inaanzia kwenye kitenzi. Sikiliza tunavyoongea: kalipwa nusu, kashushwa, kafukuzwa, kaachwa. Vitenzi vyote viko kwenye hali ya kutendwa, na mtenda hatajwi kamwe, kana kwamba mambo hujitenda yenyewe kama mvua na jua. Katika hadithi zetu, katika mashairi yetu, hata katika maongezi ya kawaida, tumrudishie kila kitenzi mwenyewe. Konda alimshusha bibi, na abiria thelathini tulikuwa tunatazama dirishani. Ukishaandika hivyo, neno "porini" halina tena pa kukaa.