Kufuli kwenye tangi

Kabla ya kusimamia ujenzi wa nyumba ya mama nilidhani nyumba huanza na tofali. Fundi alinicheka. "Dada, kwanza maji. Bila maji hayo matofali ni mzigo tu."

Tulikuwa upande wa Goba, pembezoni mwa Dar es Salaam, Oktoba 2022, kwenye kiwanja kisicho na bomba wala umeme. Maombi ya kuunganishiwa tulishapeleka, tukaambiwa tusubiri. Kiinua mgongo chote cha mama kilikuwa kwenye ardhi ile, naye yuko Iringa. Mimi ndiye niliyekuwa na nafasi, maana kwetu anayesoma shahada ya uzamili huhesabiwa hana kazi.

Mtaa wa pili kulikuwa na kisima cha maji ya bei rahisi, ila yana chumvi. Fundi aliyaonja, akatema. Chumvi inakula nondo, alisema, na nondo ikianza kutu ndani ya mkanda huioni mpaka zege lipasuke. Kwa hiyo nyumba ilitaka maji yale yale wanayokunywa watu. Wakati ule niliona hilo ni suala la kiufundi tu.

Aliyetuokoa ni bibi jirani. Tulivuta mpira kutoka bombani kwake hadi kwenye tangi letu la lita 2,000, na waya kutoka kwenye LUKU yake kwa ajili ya mashine ya kufyatulia tofali. (Kama utaratibu unaruhusu, sikuuliza.) Nilimwomba ataje bei, akakataa. "Maji na moto, mjukuu wangu, jirani hanyimwi. Lipeni bili, yaishe."

Jamvi lilimwagwa Jumamosi. Siku zile zile ukame ulikuwa umepunguza maji ya Mto Ruvu, na jiji likaingia kwenye mgao. Bomba la bibi likawa linatoa usiku, siku mbili kwa wiki. Mabwana wenye maboza wakapandisha bei. Na zege, nilijifunza, halikauki kama nguo: simenti hushikana kwa kuingiliana na maji, kwa hiyo lisipolowekwa siku za mwanzo hubaki dhaifu. Fundi alilizungushia kingo za mchanga akalijaza maji kama bwawa. Siku saba, alisema, zisipungue.

Jumanne niliona tangi linashuka haraka kuliko tunavyotumia. Akina mama wa jirani walikuwa wakipita na madumu jioni, na vijana wa fundi wanawafungulia. Nikanunua kufuli.

Jumatano alikuja binti wa miaka kama kumi na ndoo kichwani. Alisimama akilitazama lile bwawa juu ya jamvi, kisha akalitazama kufuli. Hakuomba. Akageuka. Afadhali angeomba, ningekuwa na maneno ya kumjibu.

Usiku ule nilikwenda kwa bibi kumlalamikia wizi wa maji. Nilimkuta gizani, ametega tochi kwenye bilauri. Mashine yetu ilikuwa imemaliza uniti tangu jana yake. "Mbona hukuniambia, bibi?" Akasema aliona tuna mengi. Kisha akauliza, "Lile kufuli ni la nini?" Nikasema watu wanatumalizia maji. Hakujibu. Aliniuliza kama nimekula.

Muhula ule tulikuwa tumemsoma John Locke, ambaye mwaka 1689 aliandika kwamba anayekunywa mtoni, hata akipiga funda kubwa, hamdhuru mwenzake, kwa kuwa mto mzima umebaki. Darasani mfano huo ulipita kwa dakika mbili. Hakuna aliyeuliza itakuwaje mto wenyewe ukipungua. Mimi nilikuwa nimelipia, na risiti ninayo. Lakini nililipa bei ya bomba la siku za kawaida kwa maji ya wiki isiyo ya kawaida, na niliyapata kwa sababu tu mtu mmoja alikataa kuniuzia kwa bei ya soko.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo: watu kwanza, nyumba baadaye. Ila nimeona wanaosema hivyo mara nyingi wana nyumba. Mama alifundisha miaka 31 akihama kutoka chumba cha kupanga kimoja hadi kingine. Jamvi lile halikuwa anasa inayoshindana na kiu ya watu. Lilikuwa madai ya mtu mwingine, aliyechoka, ambaye hakuwepo kujitetea.

Alhamisi asubuhi nililifungua lile kufuli. Madumu mawili kwa kila nyumba. Kufikia jioni tangi lilikuwa tupu, na Ijumaa na Jumamosi zege lilibaki na magunia mabichi tu. Fundi hakugomba. Alisema, "Nyumba ni yenu."

Hapo ndipo ninapokwama. Haikuwa yangu. Nilipewa sifa mtaani, mpaka leo akina mama wale huniita kwa jina, kwa ukarimu niliofanya na mali ya mama bila kumpigia hata simu. Bibi alitoa cha kwake akalala gizani. Mimi nililala vizuri.

Sasa kuna ufa mwembamba kutoka mlango wa jiko hadi pembeni. Fundi anasema huenda ni maji, huenda ni kifusi hakikushindiliwa vizuri, vigae vitaufunika. Mama alipokuja aliinama akaupapasa kwa kidole.

"Hili jamvi mlilimwagilia?"

"Tulilimwagilia, mama."