Mchango Si Ununuzi: Je, Wacheza Gemu Wagharamie Gemu Ambazo Hazijatengenezwa?

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, nilitoa dola 20 kuchangia gemu ambayo wakati huo ilikuwa picha chache na maelezo matamu. Kwa mwanafunzi wa bweni, hizo ni fedha za chakula cha siku kadhaa. Mtengenezaji aliahidi kuimaliza ndani ya mwaka mmoja. Alituandikia taarifa mbili tatu, kisha akanyamaza kabisa. Wenzangu walinicheka kwamba nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: je, nilidhulumiwa, au nilijidhulumu mwenyewe?

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Katika jukwaa kama Kickstarter, lililoanzishwa mwaka 2009, mtengenezaji hutaja kiasi anachohitaji na siku ya mwisho ya kuchanga. Kiasi kisipofikiwa, hakuna anayekatwa fedha. Kikifikiwa, fedha huenda kwa mtengenezaji na mchangiaji hubaki na ahadi. Hapati hisa wala sauti katika maamuzi.

Wanaounga mkono jambo hili wana hoja nzito. Kampuni kubwa hupenda kugharamia kile ambacho tayari kimethibitika kuuzika, kwa hiyo wazo geni hukosa mlango. Mwaka 2012 studio ya Double Fine ya Marekani iliomba dola 400,000 ili itengeneze gemu ya aina ambayo kampuni hizo zilikuwa zimeipa kisogo. Watu zaidi ya 87,000 walitoa zaidi ya dola milioni 3.3. Hapa Afrika, studio ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ambayo jina lake limetokana na neno letu "kiroho", iliomba euro 40,000 mwaka 2015 na ikavuka lengo. Mwaka uliofuata ilitoa Aurion, kisa cha mwana wa mfalme anayepinduliwa na shemeji yake siku ya kutawazwa. Kisa kama hicho kingesubiri sana mlangoni kwa matajiri. Haba na haba ilijaza kibaba.

Hata hivyo, wapinzani nao hawasemi ovyo. Star Citizen ilianza kuchangiwa mwaka 2012 ikitarajiwa kutoka mwaka 2014. Kufikia mwaka 2022 ilikuwa imepokea zaidi ya dola milioni 500, na bado ilikuwa inachezwa katika hali ya majaribio. Tena kuna suala la faida. Mwaka 2012 wachangiaji walitoa takriban dola milioni 2.4 kwa Oculus, kifaa cha kuvaa machoni wakati wa kucheza. Mwaka 2014 Facebook ilitangaza kukinunua kiwanda hicho kwa dola bilioni 2, na wachangiaji hawakuwa na fungu katika mauzo. Baadaye wale waliokuwa wamechangia ili wapate kifaa cha majaribio walipewa kifaa kipya bure. Ulikuwa uungwana, lakini zawadi hutegemea moyo wa mtoaji, na haki haipaswi kutegemea hilo.

Kwa maoni yangu, mabishano haya hayaishi kwa sababu tunakosea jina la tendo lenyewe. Tukiliita ununuzi, basi kila gemu inayochelewa ni wizi. Tukiliita uwekezaji, basi kila mchangiaji amepunjwa. Lakini sisi tuna neno lake la siku nyingi: mchango. Mtu anayechangia harusi hanunui sahani ya pilau. Akifika akakuta pilau imekwisha, hadai kurudishiwa fedha zake, kwa kuwa alichanga ili harusi iwepo. Ila mweka hazina akikataa kusoma hesabu, kikao kizima kitasimama, na aliyetoa shilingi elfu moja ana haki ya kuuliza sawa na aliyetoa laki.

Kipimo hicho ndicho ninachokitumia. Double Fine ilipata zaidi ya mara nane ya ilichoomba, na bado fedha hazikutosha. Ililazimika kuigawa gemu yake, Broken Age, ikatoa sehemu ya kwanza Januari 2014 na ya pili Aprili 2015. Wapo walionung'unika. Lakini kazi ilirekodiwa kwa filamu tangu mwanzo, na wachangiaji waliona makosa, hofu na hesabu zilivyokwenda. Walicheleweshewa, hawakufichwa.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, wacheza gemu wachange, kwa masharti mawili. Mchangiaji atoe kile tu ambacho akikikosa hatalala njaa. Hapo mimi nilikosea, na kosa hilo ni langu. Mtengenezaji naye akumbuke kwamba ahadi ni deni, na kama hawezi kulilipa kwa gemu, alilipe kwa ukweli: fedha zilikwenda wapi, kazi ilikwama wapi.

Dola zangu 20 sizidai tena. Huenda yule mtu alijaribu kweli akashindwa, na kushindwa si dhambi. Ninachomdai hadi leo ni ile taarifa ya mwisho ambayo hakuiandika.