Duka la Mama Maria

Julius Kambarage Nyerere alipofunga ndoa na Bi Maria Gabriel huko Musoma mwezi wa Januari 1953, naye akiwa amerejea punde tu kutoka chuo kikuu cha Edinburgh, yamkini hapakuwa na mgeni wa harusi aliyebashiri kwamba maskani yao yangetiwa katika mtihani upesi kiasi kile. Kwani mwezi wa Machi 1955 bwana alijiuzulu ualimu wa Pugu kwa ajili ya kukitumikia chama cha TANU, mshahara ukakatika, na nyumbani wamo watoto wachanga. Hapo ndipo bibi, pasi na kelele wala kinyongo kilichopata kusikika, alipoendesha duka dogo ili nyumba isikose riziki. Hotuba za mume zimekusanywa vitabuni, na ni haki yake. Lakini hesabu za duka lile, ambazo kwa maoni yangu ni sehemu ya tarehe ya uhuru wetu, nani aliyezihifadhi?

Ndoa ikadumu miaka 46, ikaingia Ikulu na kutoka salama (jambo lisilo jepesi), ikarudi Butiama baada ya 1985, hata mauti yalipomfikia Mwalimu mjini London tarehe 14 Oktoba 1999. Tangu Kanisa Katoliki lilipofungua mwaka 2005 shauri la kumtangaza marehemu kuwa mwenye heri, Mama Maria amepata kwenda hija Namugongo, Uganda, pamoja na mahujaji wa Kitanzania, kumwombea mumewe.